Mkaguzi wa Mizani Aliyekwama Bafuni

Mwanamume aliyewaunganisha mawifi hawa wawili alikuwa seremala. Alipofariki, aliacha mjane mmoja, dada mmoja, na karakana uani iliyojaa vumbi la mbao. Wanawake wakaona mchwa ndio wanaofaidi karakana ile, wakaipiga chokaa, wakatia kitanda, wakaita fundi bomba akaweka bafu kwenye kona, wakaanza kupokea wageni wa siku mbili tatu.

Kila kitu kilikwenda sawa isipokuwa sabuni.

Mjane aliamini kwamba mgeni akishafika hatua ya kuomba karatasi ya choo, mwenye nyumba ameshaumbuka. Kwa hiyo alijaza. Sabuni za kipande, sabuni ya maji kwenye madumu, shampuu, dawa ya meno, miswaki ambayo haijafunguliwa, pamba za masikio, nyembe, kofia za plastiki za kuogea, na karatasi za choo zilizopangwa kama matofali. Alikuja mgeni mwenye kipara king'aacho kama sahani, akawekewa chanuo, tena mbili, moja ya akiba.

Wifi yake aliamini kwamba mgeni ana mwili mmoja tu. "Karatasi zote hizi za nini?" aliuliza. "Anakuja kulala au anakuja kupaka nyumba rangi?"

Majirani, ambao hawana dogo, wakawabatiza Bi Tele na Bi Kiasi, na majina yakashika.

Ugomvi wao haukuwa wa kelele. Bi Tele aliingia bafuni na kikapu kilichojaa, akatoka na kikapu kitupu. Akishapotelea jikoni, Bi Kiasi aliingia mikono mitupu, akatoka mikono mitupu vilevile, na uso wa mtu aliyekwenda kuangalia tu kama bomba linavuja. Mgeni akifika, alikuta taulo tele, ambazo hazikuguswa, karatasi moja ya choo na kipande cha sabuni kilichokatwa kwa kisu hadi kikalingana na biskuti. Bi Tele naye, kila alipokuta bafu limekauka, aliwalaumu wageni. "Watu wa siku hizi wanaosha nini jamani?" alisema, kisha akaenda dukani kuongeza.

Vitu vilikwenda wapi? Nyuma ya mlango wa bafu lilisimama kabati refu la marehemu, alilokuwa akiwekea randa na misumeno. Bi Kiasi alilitia kufuli, akasema ndani mna mafagio, na ufunguo akauvaa shingoni. Bi Tele hakuuliza. Kabati lisilofunguka kwake lilikuwa na faida moja tu, kwamba lina juu, na huko juu akapanga karatasi zake mpaka zikagusa dari, na dumu la sabuni ya maji kando ili zisiporomoke.

Ndipo akaja mkaguzi wa mizani. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mpole, anayewasalimia hata paka, na mkononi alibeba mkoba mzito wenye mawe ya kupimia. Wenye maduka wa mtaa ule walipata habari zake kabla hajavua viatu, na hawakufurahi.

Asubuhi aliingia kuoga. Akatafuta karatasi, akaikosa hata ile moja, kwa kuwa Bi Kiasi alikuwa ameshapita. Akainua macho, akaona mlima kule juu. Akajinyoosha, akashika ukingo wa kabati kwa ubavuni, akajivuta kidogo.

Kishindo kilisikika hadi barabarani. Mawifi walitoka jikoni mbio, mmoja na mwiko, mwingine na kifuniko cha sufuria.

"Mgeni wetu! U mzima?" Bi Tele aliita mlangoni.

"Mzima, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeanguka?"

"Mimi hapana. Kabati."

Kabati lilikuwa limelala ubavu, kitako chake kimeubana mlango, kichwa chake kimeubana ukuta wa pili. Mlango ule ulifungukia ndani, kwa hiyo haukufunguka hata upana wa kidole. Na lile dumu lilikuwa limepasuka.

"Lisukume, mwanangu," Bi Kiasi alisema.

"Nalisukuma, mama. Ila kila nikisukuma, ninayekwenda ni mimi."

Akajaribu kuosha sakafu kwa maji ili asiendelee kuteleza. Likawa kosa jingine. Povu lilianza kutoka chini ya mlango, jeupe, taratibu, kama linatafuta mtu wa kuzungumza naye.

Wakamwita fundi seremala wa mtaa, aliyejifunzia kazi kwa marehemu. Akaugonga mlango, akauinamia, akapapasa pembeni. "Bawaba ziko ndani," alisema. "Hapa dawa ni msumeno."

"Usithubutu!" mawifi walipaza sauti pamoja, kisha wakatazamana, kwa sababu ilikuwa muda mrefu hawajakubaliana jambo.

Mlango ule ulikuwa kazi ya mwisho ya marehemu. Aliuranda akiwa na homa, akaulaza chali akisema atautia bawaba akipona; hakupona, na bafu lilipojengwa ndio uliowekwa. Fundi mwenyewe alikuwa amemshikia ubao. Akarudisha msumeno kwenye mfuko wa zana. "Hata mimi mkono usingeniendea," alisema, akakaa chini kufikiri.

Wakazunguka nyuma, kwenye dirisha la bafu. Lilikuwa dogo, lina nondo, lakini mkono ulipita, na kikombe cha chai kilipita kikiinamishwa kwa adabu. Uso wa mkaguzi ulionekana kati ya nondo mbili, una povu kwenye nyusi.

"Taulo unazo?" Bi Tele aliuliza.

"Za ukoo mzima, mama. Ahsante."

Habari haina mguu lakini hukimbia. Wa kwanza kufika alikuwa mwenye bucha, na huzuni aliyokuja nayo ilikuwa imeishia mdomoni, machoni haikupanda. Nyuma yake mwenye duka la nafaka, nyuma yake muuza misumari. Wakampa pole mkaguzi. Wakampa pole Bi Tele. Kisha wakamvuta fundi pembeni wakamnong'oneza kwamba kazi ya maana haitaki papara.

"Haraka haraka haina baraka, fundi," alisema mwenye bucha. "Mwache mtu wa watu apumzike. Hata siku mbili."

"Nani huyo asemaye haraka haina baraka?" ilitoka sauti dirishani. "Si mwenye bucha? Nilikuwa naanzia kwako leo. Kalete mizani yako hapa."

"Hapa bafuni?"

"Mimi ndiyo ofisi. Nilipo mimi, ndipo ofisi ilipo."

Kukataa kungekuwa sawa na kukiri. Mizani zikaletwa, moja kwa kamba, moja kwa toroli, moja imekumbatiwa kama mtoto mgonjwa. Bi Kiasi alikwenda chumbani kuleta ule mkoba wa mawe. Mkaguzi akaomba pia koti na tai, akisema hawezi kusimama mbele ya umma na taulo. Vikapitishwa kwenye nondo. Kuanzia kifuani kwenda juu akawa mkaguzi kamili. Kwenda chini ilibaki siri yake na povu.

Mizani ziliwekwa kwenye stuli chini ya dirisha, naye akanyoosha mkono, akaweka jiwe, akasoma, akaondoa. Mizani ya nafaka ikapita. Ya misumari ikapita kwa onyo. Ya bucha ikasimama, ikatetemeka, ikazidisha.

"Mizani yako inaona kilo," mkaguzi alisema, "mimi naona robo tatu."

"Ni mvuke wa bafu," alisema mwenye bucha. "Chuma kikipata joto huvimba. Jaribu na kitu kingine, usitumie mawe hayo."

Mkaguzi, mtu wa haki, akaangaza macho ndani, akaokota sabuni iliyoandikwa uzito wake ubavuni. Akaiweka. Mshale ukaonyesha nusu ya kilichoandikwa, na hiyo ni kwa mizani inayozidisha.

"Mmeona!" mwenye bucha aliruka. "Kumbe inapunguza! Maskini mimi, siku zote najidhulumu!"

Mkaguzi aliigeuza sabuni polepole. "Hii imekatwa na kisu," alisema.

Shingo ziligeuka. Bi Tele alimtazama wifi yake. Bi Kiasi alilitazama povu, ambalo sasa lilikuwa likishuka ukutani kutoka dirishani.

"Na jambo jingine, mama zangu," mkaguzi aliendelea, kwa upole uleule. "Nimeambiwa kabati hili lina mafagio. Uzito ndio kazi yangu. Mafagio hayana uzito huu."

Bi Kiasi alilisogelea dirisha. Kisha akainamisha kichwa, akauvua ufunguo shingoni, akaupitisha kwenye nondo.

Ndani ya kabati mlikuwa na kila kitu. Vikaanza kutoka dirishani kimoja kimoja: karatasi za choo zikiminywa, vidumu vikilazwa ubavu, chupa za shampuu, miswaki, nyembe, nusu za sabuni zisizohesabika, na zile chanuo mbili za mgeni mwenye kipara. Mwenye nafaka alipokea, akampa muuza misumari, aliyempa fundi, na mwenye bucha naye akajiunga kwa matumaini ya kusahaulika. Vikarundikana uani mpaka kuku wakahama.

"Wifi!" Bi Tele alishika kiuno. "Wageni wa watu nimewasengenya miezi nenda rudi! Yule mwalimu niliyesema anakula sabuni!"

"Nilisikia."

"Ukasikia, ukanyamaza!"

Bi Kiasi alikuwa ameshika karatasi ya choo kifuani kwa mikono miwili. "Kaka alipougua," alisema, "kila kitu kiliisha. Dawa iliisha. Shuka safi ziliisha. Asubuhi ile nilikwenda dukani kununua sabuni ya kumwoshea mgonjwa, niliporudi, ikawa ya kumwoshea maiti. Nikasema humu ndani kiwepo kitu kimoja kisichoisha. Basi. Nikawa naweka."

Mwenye bucha alijifuta jicho, na safari hii alikuwa anajifuta kweli.

Bi Tele aliushusha mkono kiunoni. Alimsogelea, akaichukua ile karatasi, akaipanga juu ya rundo, akaisawazisha. Mdomo ulimcheza, haijulikani kama anataka kulia au kufoka.

"Si ungeniambia, wifi," alisema hatimaye. "Ningeleta kabati la pili."

Bi Kiasi akacheka, kicheko kilichomtoka puani kama chafya, naye Bi Tele akacheka kwa kumwona anavyocheka, wakashikana mikono, na wenye maduka wakageuza nyuso kwa heshima.

"Mama zangu," ilisema sauti dirishani. "Kabati limekuwa jepesi. Ila miguu bado inateleza."

"Tandika taulo!" mawifi walimwambia. "Zote!"

Akazitandika taulo za ukoo mzima, juu yake akakunjua karatasi za choo tabaka kwa tabaka, na fundi akamhesabia kutoka upande wa pili wa mlango: moja, mbili, haya! Kabati likasimama. Mlango ukafunguka, na povu likatoka kwanza, kama mgeni mkubwa. Nyuma yake akatoka mkaguzi, ana koti, tai, taulo kiunoni na kofia ya plastiki ya kuogea kichwani. Akapita katikati ya watu bila kupepesa, akafika kwenye mizani ya bucha, akaipiga lakiri ya kuizuia isitumike.

"Mbovu," alisema. Kisha akaomba suruali yake.

Mwenye bucha alichukua mwezi mzima kuitengeneza mizani ile, na wateja wake wakagundua kwamba kilo ni nyama nyingi kuliko walivyodhani. Mkaguzi alikaa siku mbili zaidi na akaaga kwa kuwaamkia wote, paka pia. Mawifi bado hubishana. Sasa hubishania mezani, sauti juu, na sabuni huwekwa mbili: nzima moja, nusu moja.

Mlango ndio uliodhurika. Ulikunywa maji siku ile, ukavimba, na tangu hapo haufungiki. Fundi alikuja na randa kuupunguza, mawifi wote wawili wakasimama mbele yake wakasema marehemu ameuranda, inatosha. Basi mgeni akiwasili huonyeshwa kitanda, swichi ya taa na taulo, kisha huelezwa kwa uso mkavu kwamba akiwa bafuni aimbe, ili watu wajue kuna mtu. Wengine hushangaa, wengine huona haya, wengi huimba. Juzi alikuja mama mmoja mtu mzima, dereva wa lori, mwenye sauti nzito ya kutikisa madirisha. Alipofika kiitikio, Bi Kiasi alikipokea akiwa jikoni, na Bi Tele, aliyekuwa anaanua nguo uani, akaingia na sauti ya pili.