Siku Mpiga Pasi Alipobaki Mwambani

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, wenzake walimbandika mpiga pasi jina la Kimya, nalo likamkaa kama shati lililonyooshwa vizuri. Tangu mkewe afariki, wa kuongea naye alikuwa mvuke wa pasi tu. Kwa hiyo wafanyakazi walipopanga kwenda kushinda baharini, alijishangaa mwenyewe kwa kujiandikisha. Asubuhi hiyo alipanda basi, kamera aliyoazima kwa shemeji yake ikining'inia shingoni.

Walipofika, wenzake walikimbilia maji na mpira. Yeye akashika njia ya miambani. Alipiga picha mpaka akasahau njaa: povu likirukia jiwe, kaa akijichomeka shimoni, mahali maji yanapoacha ukijani na kuanza ubuluu. Mara mbili aligeuka aseme, "Hebu tazama hii." Hapakuwa na mtu.

Aliporudi, jua limeinama, basi halikuwepo. Pale lilipoegeshwa palibaki maganda ya machungwa na alama za matairi. Akampigia msimamizi.

"Bosi, mko wapi?"

"Wewe Kimya, simu ya nini na uko kiti cha nyuma? Si useme tu!"

"Sipo nyuma. Niko huku baharini."

Akamsikia msimamizi akiuliza, na mtu akijibu kwa sauti, "Tulihesabu, tulikuwa kamili!" Wakacheka. Simu ikakatika.

Alikaa juu ya ukuta mfupi karibu saa nzima. Hasira hakuwa nayo. Lakini lile neno lilimkwama kama mwiba wa samaki kooni: walihesabu, wakatimia bila yeye.

Basi likarudi likiunguruma. "Mzee, unatupotezea siku!" dereva akafoka.

"Nisameheni, jamani, nimewachelewesha," akasema yeye, yeye aliyeachwa.

Mfuaji mashuka, mama aliyefanya naye kazi ubavuni miaka sita, akasogeza kapu ampishe.

"Ulikuwa unapiga picha za nini huko?"

"Mawe. Maji."

"Haya, nionyeshe basi."

Akawasha kamera, akaitafuta ile ya povu, aliyoipenda kuliko zote. Alipomgeukia, mama wa watu kichwa kishaegemea dirisha, amelala fofofo. Hakumwamsha. Akazitazama mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka betri ikaisha.