Nusu Uso wa Bibi Zuura

Mwalimu Ermek alikuwa na ugomvi na nyuso za watu. Kazi ya kwanza aliyotupa pale chuoni mjini Bishkek ilikuwa kupiga picha ya kivuli bila mwenye kivuli. Ya pili, mikono bila mwenye mikono. Ya tatu, mtu aliyekupa mgongo. Mimi kwetu ni Kochkor, kijiji cha milimani, na Kochkor mtu akipigwa picha anavaa kizuri kuliko vyote, anakaa wima, anatazama mbele na kubana pumzi mpaka aambiwe basi. Nikampelekea mwalimu picha za namna hiyo. Akaishika moja kwa ncha za vidole.

"Saikal, hii ni picha au ni kitambulisho?"

Darasa zima likaangua kicheko. Alama nilizopata sikumwambia mtu nyumbani. Ikabaki kazi ya mwisho, mtu mmoja kwa mwanga wa dirisha, na mwalimu alinieleza mbele ya wote kwamba nikiiharibu hiyo nirudi kwetu nikamsaidie mama kutengeneza mazulia ya sufu. Yeye alidhani ananitukana. Mama angefurahi sana.

Mtu wa kumpiga nilikuwa naye, tena alikuwa ananidai hiyo picha kwa nguvu. Bibi Zuura, mama yake baba, ana miaka themanini na moja, na kifo chake amekiandaa kuliko wengine wanavyoandaa harusi. Sandukuni mna vitambaa vya kugawia waombolezaji, vimeshakatwa. Hema la sufu la kulazia maiti limeshonwa upya. Farasi wa kuchinjwa ni yule wa kijivu, na ole wake atakayempanda. Hata jiwe la kaburi, jiwe jeusi kabisa, alikwenda kuliagiza mwenyewe kwa Fundi Jakyp. "Maana nyie nawajua," alimwambia baba, "mtanichomekea kibao." Kilichokosekana ni picha ya kuchongwa juu ya jiwe hilo. Moldo wetu, yaani shehe wa kijiji, anapiga kelele kila Ijumaa kwamba sura makaburini ni dhambi. Bibi alimjibu kwamba amezaa watoto kumi, serikali ile ya zamani ikampa nishani ya Mama Shujaa, sasa hiyo nishani akaivalie wapi.

Wapiga picha watatu walishakuja wakatimuliwa. Bibi hataki yampate yaliyompata jirani yake, marehemu Sayra, ambaye wanawe walichukua picha ya kwenye pasipoti wakampa fundi. Sayra wa watu, mwanamke mpole vile, pale juu ya jiwe lake anaonekana mwizi wa kondoo aliyekamatwa jana.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na balaa. Tangu theluji ya kwanza ianguke, Bibi aliacha kumeza dawa zake za moyo. Daktari alikuja, akambembeleza, akanywa chai, akatoka anatikisa kichwa: bila dawa hamalizi msimu wa baridi.

"Dawa za nini?" Bibi alisema. "Kila kitu kiko tayari. Mie nasubiri picha tu."

Nilipofika nyumbani, mama akanivutia jikoni na kufunga mlango.

"Saikal, usimpige hiyo picha. Ikitoka nzuri umemzika."

"Nisipompiga nafukuzwa chuo."

"Basi mpige vibaya."

"Mama! Kwani nafukuzwa kwa sababu gani?"

Akanikodolea macho, kisha akaanza kukata vitunguu kwa hasira. Sikumlaumu. Bibi Zuura amemtesa kwa maneno miaka ishirini na mitano, na bado hakuna ampendaye Bibi kuliko mama.

Jumamosi Bibi alivaa kuanzia asubuhi hadi saa sita. Kilemba cheupe, kizibao cha mahameli, nishani kifuani. Akakaa mbele ya zulia la ukutani, mgongo umenyooka, mikono magotini.

"Bibi, geuka kidogo kwenye dirisha."

"Nigeuke nimkimbie nani? Piga!"

Nikapiga. Uso wote, macho mbele, hakuna hata mkunjo uliojificha. Roho iliniuma maana ilikuwa nzuri. Ndiye yeye hasa, na ilikuwa haifai kitu kwa Mwalimu Ermek.

Baadaye alivua kilemba, akasogea dirishani na bakuli lake la chai. Nje ndama alikuwa anatafuna kamba ya kuanikia nguo. Bibi akafungua mdomo kumfokea, mwanga ukampiga upande mmoja, upande wa pili ukamezwa na giza, na mimi nikabonyeza. Hiyo ndiyo ya mwalimu, nikasema. Alama hizo hapo.

Nilisafisha zote mbili kwenye duka la picha sokoni. Bibi akaitazama ile yake kwa muda mrefu, akaibusu, akaifunga kwa kitambaa cheupe kutoka lile sanduku lake na kukishona pembeni kwa sindano. Kwake picha ya jiwe haitazamwi mara ya pili mpaka iwe juu ya jiwe. Ile nyingine hakuiona, lakini alipoambiwa kwamba ipo ya shule, akanipokonya ikiwa imelala kifudifudi, akaifunga na kuishona vilevile. "Sura ya mtu mzima haisafiri uchi," akasema. Nani angebishana? Asubuhi dereva wa Bishkek anapiga honi, mimi nina kiatu kimoja mguuni, mama ananisukumia mkate, na mezani kuna vifurushi viwili vyeupe vilivyofanana kabisa. Nikachukua kimoja. Cha pili mama akakipeleka kwa Fundi Jakyp.

Mmeshajua. Mimi nilikuja kujua mbele ya darasa, mwalimu alipokata uzi wa kitambaa. Akatokea Bibi Zuura na zulia lake, nishani yake, na macho yake yaliyotutazama sote kana kwamba tumechelewa chakula. Nilitamani sakafu ipasuke. Mwalimu Ermek aliiweka mezani. Akarudi nyuma hatua mbili, akavua miwani, akaivaa.

"Kejeli," akanong'ona. "Kejeli tupu! Tazameni. Amechukua majivuno yote ya zama zile, zulia, medali, mkao wa sanamu, akatucheka nayo. Na sanda! Ameifunga kwa sanda! Saikal, mbona ulikuwa unatuficha?"

"Mwalimu, huyo ni bibi yangu."

"Vizuri zaidi!"

Nikapewa alama za juu kuliko wote. Niliona haya kiasi kwamba masikio yaliwaka moto, na nikamkasirikia mwalimu, maana alikuwa anamcheka bibi yangu huku anadhani ananisifu. Ningeweza kusema ukweli. Sikusema. Alama nikazitia mfukoni, ndivyo nilivyo. Kisha nikampigia mama simu mbio ili azuie ile nyingine, na mama akasema Fundi ameshaanza na Bibi ametangaza hakuna kulisogelea jiwe mpaka liishe.

Wiki tatu baadaye mama akapiga simu. "Njoo. Jiwe limeisha, kesho Bibi yako anakwenda kuliona."

Nilimkuta uani kwa Fundi Jakyp, amesimama kwenye theluji, fimbo mkononi, nusu ya kijiji nyuma yake. Juu ya lile jiwe jeusi kulikuwa na jicho moja, shavu moja, nywele zilizotimka na mdomo uliopanuka. Kwingine kote, weusi mtupu.

"Nusu yangu ya pili iko wapi?" Bibi aliniuliza.

"Bibi, ni kivuli…"

"Nimezaa kumi, nusu sura! Mtu akipita na farasi wake atasema huyu mama alikufa anafokea ndama!"

Nikamgeukia fundi. "Kaka Jakyp, nawe hukushtuka?"

"Nishtuke nini? Wewe ndiye msomi. Nikajua ndio mtindo wa Bishkek." Akajikuna shingo. "Tena sikulalamika. Kwenye giza hakuna cha kuchonga, nimemaliza mapema."

Bibi akapiga fimbo chini. "Sifi!"

Watu wakasogea karibu.

"Mmesikia? Na huu uchafu sifi. Ligeuze hilo jiwe uso chini, agiza lingine, na picha nyingine. Naondoka duniani siku jiwe langu litakapokuwa na macho mawili." Akamgeukia mama. "We Gulnur, umesimama tu? Dawa zangu umezitupa wapi?"

Mama akakimbia. Sijawahi kumwona mama akikimbia kwenye barafu, mwanamke mnene, anacheka na kulia, kitambaa cha kichwa kimemdondoka na hakukiokota. Bibi alimeza vidonge viwili palepale uani, bila maji, huku akimkazia macho Fundi Jakyp.

Nilisubiri wote waondoke. Jakyp alikuwa anafunika jiwe kwa turubai. Nikamsogelea nikijifanya nasoma majina ya marehemu kwenye mawe mengine.

"Kaka, hilo jipya litachukua muda gani?"

"Barabara ya mlimani ikifunguka, mwezi mmoja."

"Naomba," nikasema, "usiharakishe. Livunjike njiani. Patasi ipotee. Sema lolote."

Akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika.

"Na wewe! Mama yako amenishika mkono hapa sasa hivi, ameomba hayohayo. Baba yako alimtangulia. Hata Moldo kapita, eti kwa mara ya kwanza anaona hii kazi yangu haina haja ya kukimbiliwa."

"Kwa hiyo mimi ni wa nne."

"Wa tano," akasema, akikaza kamba ya turubai. "Wa kwanza alikuwa bibi yako. Aliliona jana jioni, peke yake. Akakaa pale kwenye gogo akalitazama mpaka chai yangu ikapoa, kisha akaniuliza la pili naweza kulichelewesha vipi. Hizi kelele za leo alinionya mapema, nisije nikaogopa."