Visanduku Viwili vya Sebuleni

Sebule ya mama mkwe wangu ina mtandao wa kutosha kata nzima. Ukikaa kwenye yale makochi yasiyokaliwa na mtu, waifai inajaa mpaka juu. Ukiingia koridoni inaanza kukwama. Ukifika mlango wa chumba cha baba mkwe, ambako mgonjwa alilala miezi yote ile, hakuna kitu. Na mtandao wenyewe ulinunuliwa kwa ajili yake.

Aliyeununua ni wifi yangu Angel, yuko Kanada. Sisi hapa Igamba tuko bondeni, simu haishiki mpaka upande juu kwenye kahawa, na baba mkwe, mzee Osea, hakuwa mtu wa kupanda popote tena, saratani ya ini ilishammaliza. Angel naye hakuweza kuja. Karatasi zake zilikuwa hazijakaa sawa, akitoka asingeruhusiwa kurudi kwa wanawe. Basi akatuma dishi la kufunga juu ya bati na visanduku viwili vya kusambazia mtandao ndani. Akamweleza kaka yake Dennis, ndiye mume wangu: kimoja sebuleni, cha pili koridoni karibu na mlango wa baba, maana zile kuta za tofali za kuchoma ni nene na mawimbi hayapiti.

Dennis akaviweka vyote kwenye kabati la vioo, kimoja kulia kwa runinga, kimoja kushoto, vipendeze. Mama mkwe, Ferista, akavifunika vitambaa vyake vya kufuma, akafunga kabati, ufunguo akaufundika kwenye pindo la khanga. Nilisema mpaka nikaonekana nina mdomo.

"Kitu cha gharama namna hii kikae koridoni?" mama akaniuliza. "Wageni wakija watakionea wapi?"

"Mama, si cha kuonwa..."

"Mama Recho, nyumba hii ni yangu."

Nikasema basi, mzee aletwe sebuleni. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. "Sebuleni wanalazwa maiti," mama akasema, na Dennis akaniangalia kama nimeshika jembe la kumchimbia baba yake kaburi.

Wote walijua mzee alikuwa anasubiri nini. Angel alipoolewa na mwanaume ambaye baba yake hakumtaka, mzee alisimama mbele yetu akasema: "Siku nikifa, usinililie." Neno kama hilo, kwetu, halifutwi na mchungaji wala shangazi. Mzazi aliyelitoa ndiye analifuta kwa mdomo wake, na mtoto anaitikia. Miaka ikapita, baba na binti wana kichwa kimoja, kigumu. Ugonjwa ukamlainisha mzee. Lakini siku nyingi sauti haikutoka, na siku ilipotoka, Angel alikatikia koridoni.

Jumapili ya mavuno mama na Dennis walikwenda kanisani na mahindi yao kichwani. Nilibaki na mgonjwa. Mchana nikasikia anaita.

"Mama Recho!"

"Abee, baba." Nilijibia koridoni. Mkwe haingii chumba cha baba mkwe wake, na mimi tangu niolewe sikuwahi kuuona hata ukuta wa chumba kile.

"Leo naweza. Nipe Angel."

Nilimpigia kutoka sebuleni, akapokea. Nikatembea na simu, sura yake ikaganda kabla sijafika katikati ya koridoni. Nikarudi, nikaenda tena, ikaganda palepale. Ndani mzee anauliza, "Yuko wapi?" Nikalitazama lile kabati lililofungwa, na vitaa viwili vinavyowaka chini ya vitambaa. Nilikasirika. Nikachukua mchi wa kinu nikavunja kioo.

Nilitoa kisanduku kimoja, nikavuta waya wa kuongezea umeme mpaka mlangoni kwa mzee, nikakiweka juu ya kigoda. Taa ikawa nyekundu, ikakaa nyekundu, nikaiombea kama mtu anayeomba mvua. Ilipogeuka kijani nikapiga tena. Angel akatokea, safi, machozi tayari machoni.

"Baba, nikuletee?" nikauliza nikiwa mlangoni.

"Ingia, mwanangu."

Nikaingia nimeinamisha uso. Nikamshikia simu.

"Angel," mzee akasema.

"Baba! Nakuona, baba."

Hapo nikasikia yowe nyuma yangu. Mama alikuwa mlangoni, khanga ya kanisani begani, ameona kioo chini, ameona mkwe kitandani kwa mumewe. "Aibu gani hii! Dennis, toa hicho kidude! Mtoe na huyu!" Na Dennis, mtu mzima mwenye duka Tunduma, akafanya alichoambiwa. Akang'oa waya.

Sura ya Angel ikaganda mdomo wazi. Mzee hakujua. Alikuwa anaitazama ile picha, akakusanya pumzi iliyobaki, akasema polepole: "Lile neno nimelifuta. Nikifa, nililie."

Kisha akasubiri.

"Mbona haitikii?" akaniuliza.

"Ameitikia, baba," nikasema.

"Sijamsikia."

Akageukia ukutani. Hakusema tena kitu, na alfajiri alikuwa amekwenda.

Wakamleta sebuleni. Jeneza likawekwa mbele ya kabati, na mle ndani visanduku viwili, maana Dennis alikirudisha kile cha pili mahali pake kabla hajaenda kumwita mchungaji. Mama aliketi kwenye mkeka, hanitazami. Mimi ndiye niliyeshika simu ili Angel aone mazishi. Alimwona baba yake mpaka vifungo vya shati. Hakulia. Alikuwa ameuma midomo, macho makavu, anatii.

Nikasogea nayo karibu na jeneza, nikamwambia mbele ya watu wote maneno ya baba yake, kama alivyoyasema, na kwamba alisubiri.

Kisha akaitikia, "Nimesikia, baba," akaangua kilio. Alilia mpaka kwaya ikaacha kuimba, na mtandao haukukatika hata mara moja.