Barua Isiyo na "The"

Mwezi wa tatu mwaka 1997, mkuu wa shule moja ya sekondari pale Gungu, Kigoma, Mzee Telesphory, alipokea barua ya Kiingereza isiyo na jina. Ilisema Zuhra, mwalimu wa Kiingereza, anauza mitihani. Ilimalizia hivi: "She is most bad teacher in school."

Zuhra, alipoonyeshwa barua hiyo, hakutafuta mbali. Yeye na Calixte, mkimbizi wa Burundi aliyetoka kambini kwa kibali kuja kufundisha Kifaransa, walikuwa wamegombana wiki iliyotangulia juu ya vipindi. Sasa kila akimwona anafunga daftari mtu akipita, moyo ulimwambia: ndiye.

"Ndiye," makamu mkuu, Gervasi, naye akamnong'oneza. "Hawa watu hatuwajui. Kibali kifutwe, arudi kambini."

Zuhra alitaka uhakika kwanza. Alimkuta Calixte darasani peke yake, akampa chaki.

"Mwalimu, hebu niandikie kwa Kiingereza: Kigoma ni mji mzuri kuliko yote."

Calixte alimtazama kitambo, kisha akaandika: "Kigoma is the town the most beautiful."

Zuhra akaduwaa. "The" mbili! Ndivyo Kifaransa kinavyomfundisha mtu. Mwenye barua hakuweka hata moja, na kosa hilo Zuhra alikuwa akilisahihisha kila siku kwenye madaftari ya watoto wa Ujiji, kwa sababu Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Basi aliyeandika alikuwa mtu wa hapa hapa. Tangu saa ile hakunywa chai ya ofisini kwa amani. Kila uso aliuchunguza.

Ijumaa walikaa kikao. Gervasi, ambaye akikasirika hukimbilia Kiingereza, alisimama akapiga meza: "This is most bad thing in school!"

Zuhra akamnyooshea chaki. "Mwalimu, tafadhali iandike ubaoni."

Akaiandika kwa hasira, bila kuwaza. Mzee Telesphory akaifungua barua, akaisoma kwa sauti, akautazama ubao.

"Inatakiwa 'the worst'," Zuhra alisema. "Mwalimu Gervasi, nimekukosea nini?"

Gervasi alikana, mwisho akakiri kwamba aliiandika barua kwa kumwogopa Zuhra. Ilisemekana ndiye angepewa umakamu wake. Kabla ya muhula kwisha Gervasi alihamishwa.

Jioni ya kikao kile Zuhra alikwenda chumbani kwa Calixte. Begi lilikuwa limeshafungwa, kana kwamba alingoja kurudishwa kambini.

"Nisamehe. Nilikushuku."

"Nilijua tangu uliponipa chaki."

"Mbona ukaandika?"

"Ningekataa, ungesemaje?"

Calixte alisema atawamalizia wanafunzi muhula wao, kisha ataomba shule nyingine. Hakumkaribisha kiti. Zuhra alisimama mlangoni kidogo, akaaga, akarudi kwake kwa miguu.