Mraba wa Majani ya Kahawa

Kuna kazi ukimweleza mtu wa kijijini Kilema anakutazama kama umeanza kuugua, na ya Gladness ilikuwa mojawapo. Alitengeneza picha za kukaa nyuma ya maandishi kwenye tovuti. Anapiga picha majani ya kahawa, anaikata mraba, kisha anahangaika na kingo zake mpaka mraba mmoja ukipangwa na mwingine, na mwingine tena, jicho lisione ilipoungana. Majani kila mtu anayo shambani. Kuficha yale maungio, wee, ndiko kulikomkondesha.

Kompyuta hakuwa nayo. Alitumia ya Sirili, mtoto wa baba yake mkubwa, mwenye steshenari kule mjini, Pasua, na picha zote zilikaa humo. Kampuni moja ya Dar ikatangaza nafasi ya mbunifu. Gladness akiwa bado anajiandaa kuomba, Sirili akazituma zile picha kwa jina lake mwenyewe, uso mkavu, na kazi akapewa. Gladness aligundua alipofungua tovuti ya kampuni kwenye simu. Nyuma ya maandishi yalijaa majani ya kihamba chao, shamba la pale nyumbani, hata lile lililotobolewa na mdudu.

Damu ilimchemka. Alimwambia mama yake, Mektrida, kwamba kesho yake, Jumatatu, angepiga simu Dar, aseme ukweli, apewe nafasi yake aondoke. Maana alitaka kuondoka, jamani. Tangu baba yake afariki, yeye na mama walikaa kwenye kihamba cha ukoo kwa hisani ya baba mkubwa Ildefonce, na kila alichosema Ildefonce walijibu ndiyo baba. Alikuwa amechoka kuitikia.

Mama, kwa woga wake, akazipeleka habari nyumba ya pili, kwa Ildefonce. Jumapili hiyo hiyo baada ya misa, Ildefonce akaingia, Sirili nyuma yake, na mzee mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa Wachagga isale la kuomba msamaha likiletwa limeletwa. Aliyekosewa hakatai, na akishapokea, jambo limekufa, hakuna wa kulitaja tena. Gladness alilijua hilo tangu utotoni. Alimwamkia baba mkubwa shikamoo huku akiona Dar inafungwa mbele ya macho yake. Angekataa, angekuwa amemwaibisha mzee mbele ya ukoo mzima, na mama yake angelala wapi?

“Pokea, mwanangu,” mama akasema, bila kumtazama.

Akapokea. Akasema amesamehe. Ildefonce akatamka kwamba kuanzia saa ile habari ya picha isisikike kinywani mwa mtu yeyote wa nyumba ile, na wote wakaitikia, Sirili kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Mbege, pombe ya ndizi, ikamiminwa. Sirili, pumzi zimemrudia, akafungua begi akatoa kompyuta. Dar walitaka picha mpya, naye alikuwa amejaribu mpaka akachoka. Kila alichotengeneza kilionyesha mistari mistari kama vigae vya chooni. Akauliza kwa upole, eti dada, yale maungio unayafichaje?

Gladness akaweka kibuyu chini.

“Baba mkubwa amesema habari ya picha isitajwe.”

Sirili akamgeukia baba yake. Neno lilikuwa la Ildefonce mwenyewe, na isale lilikuwa bado mapajani mwa binti. Mzee akaomba aongezewe mbege.

Usidhani Gladness alifurahi. Hata kama Sirili angefukuzwa kesho, Dar wasingejua wamtafute nani, na yeye hakuwa na ruhusa ya kuwaambia. Alikaa pale katikati ya mama na baba mkubwa, macho kwenye mraba wa Sirili uliojirudia kioo kizima, mistari yote wazi. Alijua pa kuanzia kuifuta. Vidole vilimwasha kweli kweli, akaikalia mikono yake.