Kopo la Mchanga Mkavu

Nikiwaambia wajukuu kwamba nilikuwa nakwenda shule kwa toroli, wanacheka. Toroli wanalolijua wao ni la kubebea zege. Letu lilikuwa la reli, la kushushia mbao kutoka msituni hadi kiwandani, jirani na shule. Halikuwa na injini. Liliteremka kwa uzito wake, na mzee Hezekia ndiye aliyeshika breki, mti mrefu uliosuguana na gurudumu.

Nauli yetu ilikuwa mchanga. Huku Usambara ukungu hauna likizo, na reli ikilowa breki haishiki, kwa hiyo kabla ya kila kona mchanga mkavu ulimwagwa relini. Kila mtoto alikuja na kopo lake, mchanga umekaushwa jikoni kwao. Asiye na kopo alitembea kwa miguu, na wachelewaji walimkuta mwalimu wa zamu mlangoni. Uhuru ulikuwa umekuja, lakini fimbo ilibaki palepale.

Masika ya mwaka uliofuata Azimio la Arusha, mvua ilinyesha mpaka kuni zikagoma kuwaka. Mama alihangaika jikoni, akatujazia makopo, langu na la mdogo wangu Yudith. Yudith alikaa mbele ya toroli, mahali alipopapenda, akiimba nyimbo za kwaya huku anakosea maneno.

Tulipoikaribia kona ya mtoni, Hezekia akapaza sauti, "Haya, mchanga!" Yudith akainama, akamwaga wake. Juu ulitoka mchanga kidogo, chini yake yakafuata majivu. Yakalowa, reli ikateleza kama imepakwa sabuni. Nilikuwa nimezoea kusugua sufuria kwa majivu, nikayatambua. Toroli likaruka reli. Sisi wengine tuliangukia kwenye migomba. Yudith aliangukia mawe, hakuamka tena.

Kamati ya kiwanda ilisema ni mvua. Baba alisema ni mapenzi ya Mungu.  Mama alikaa chini sakafuni, analifuta lile kopo tupu kwa kanga yake, analifuta tena. Tangu siku hiyo hakusugua sufuria kwa majivu, na mimi sikumuuliza kwa nini. Kuna maswali ambayo ukimuuliza mzazi wako unamuua.

Toroli lilikufa miaka ile ile, reli zikang'olewa. Mama yeye ameishi mpaka amechoka. Juzi nilikwenda kumuuguza nyumbani kwake, mjini Soni, nikiwa namnywesha uji akanishika mkono.

"Rahabu, wewe ulikuwepo. Kopo la Yudith lilikuwa na nini?"

Niliweka kikombe chini. Mtu aliyekula chumvi yote hii, nimwambie nini?

"Mchanga, Mama. Mchanga mkavu."

Alifumba macho. Nikadhani amesinzia, nikamvutia blanketi.

"Mchanga haukutosha, mwanangu," alisema. "Ulijaza kopo lako tu."