Mjomba Alois Hulala Wapi

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka 1956, Elfriede Sobotta alikuwa jikoni kwake ghorofa ya pili, mjini Gelsenkirchen, kinu cha kahawa kimebanwa katikati ya mapaja, akisaga. Ilikuwa kahawa ya kweli, ya punje, si ile shayiri ya kukaanga waliyoinywa miaka nenda miaka rudi wakijidanganya. Dirisha aliliacha wazi makusudi. Mtaa mzima ulikuwa umeanza kunenepa. Kwa mwenye nyumba kulikuwa na friji, kwa fundi viatu televisheni, na harufu ya kahawa ndiyo iliyowaambia majirani kwamba Elfriede naye yumo.

Saa kumi kamili alasiri akaja mumewe, Werner. Werner alikufa vitani karibu na Smolensk, Urusi, mwezi wa pili mwaka 1943, na tangu Pasaka alikuwa akija kila Jumamosi kunywa kahawa. Mabegani alikuwa na theluji.

"Futa miguu, Bwana Sobotta," Bi Nottebaum, mwenye nyumba, alimwambia ngazini. "Nimepiga deki leo asubuhi."

"Nisamehe, Bi Nottebaum. Lakini umenawiri, ee!"

"Sema nimenenepa, usinizungushe. Haya, panda, kahawa itapoa."

Werner alipanda. Bintiye, Annegret, aliyezaliwa miezi mitatu baada ya baba yake kufa, alimpokea koti akalitundika juu ya beseni ili litone humo. Mezani alikuwa ameshaketi Alois Pieper, fundi wa vigae, ambaye siku hizi alikuwa hapumziki kwa vyoo na mabafu mapya ya watu. Alois alimsogezea Werner kiti kilicho karibu na jiko la makaa, kwa kuwa Werner hakupata joto hata kiangazi.

Alois aliingia nyumba ile mwaka 1949 kama mpangaji. Baada ya miezi minne hakuwa mpangaji tena, ila jina la kumpa halikuwepo. Mjane wa vita akiolewa, pensheni ya marehemu inakatwa. Akionekana anaishi na mwanamume bila ndoa, ofisi inaweza kuikata vilevile. Basi watoto walifundishwa kusema "mjomba". Mtaa ule peke yake ulikuwa na wajomba watano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu wa mama wa mtoto. Bi Nottebaum alijua yote na hakuuliza lolote, maana sheria ilikuwa tayari kumfunga mwenye nyumba anayewapa chumba watu wasiooana.

Kila mwaka mtu wa ofisi ya pensheni alikuja na karatasi. Kila mwaka Elfriede aliandika kwamba Bwana Pieper hulala kwenye benchi la jikoni, akatia sahihi. Na kila mwaka, siku mbili zilizofuata, Alois alinyoa ndevu bila kuimba. Safari hii alikuwa amesema mapema, taratibu, huku akifunga kamba za viatu na kumwita Elfriede kwa jina la kifupi:

"Ukiandika benchi tena, Friedel, nitahamia benchi kweli. Na halinitoshi miguu. Kwa hiyo nitahama kabisa."

Elfriede alikuwa na mtoto wa kusomesha.

Walikuwa wamefika kipande cha tatu cha keki ya krimu pale mtu wa ofisi alipobisha hodi. Jina lake Wehmeier, mwembamba, mkoba mpya. Alisalimia, akaketi, akakubali kahawa. Alimtazama Werner, akaitazama theluji iliyokuwa ikiyeyuka kwenye kola yake, akafungua faili.

"Mume, marehemu. Yupo," alisema, akaandika. "Huja mara ngapi?"

"Jumamosi," alisema Elfriede. "Saa kumi mpaka saa kumi na mbili."

"Analala?"

"Halali popote," alisema Werner. "Hiyo shida tulishaachana nayo."

Wehmeier aliandika hilo pia. Halafu akageuza ukurasa. "Na Bwana Pieper, mpangaji. Yeye hulala wapi?"

Alois alianza kuokota makombo sahanini kwa ncha ya kidole. Elfriede alifungua kinywa, na neno benchi lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Werner alidhani anamsaidia, akamtangulia.

"Kitandani," alisema. "Upande wangu, wa dirishani. Mimi sina neno. Miguu yake ya moto, na Friedel tangu zamani miguu yake barafu."

Annegret alicheka, akaziba mdomo.

Wehmeier aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, na keki ilikuwa nzuri. "Bi Sobotta," alisema, "waliokufa huchanganya mambo. Andika benchi kama mwaka jana, mimi nitaandika kwamba marehemu amekosea, nami niende zangu."

"Sijakosea," alisema Werner. "Na andika na hili: pensheni hiyo niliifia mimi. Nataka aile na huyu."

"Ofisi haipokei maelezo ya marehemu kuhusu pensheni."

"Kuhusu kitanda umeyapokea."

"Kitanda ni jambo la kuonekana," alisema Wehmeier, akamsogezea Elfriede karatasi.

Elfriede aliitazama. Alimtazama Annegret, ambaye viatu vyake vya shule vilikuwa vipya. Alois alikuwa amemaliza makombo lakini bado anaokota.

"Bwana Wehmeier, mwaka arobaini na saba ulikuwa wapi?"

"Sikuwa nimeajiriwa bado."

"Mwaka huo niliiba makaa kwenye mabehewa, mtoto mgongoni, na usiku nililala na njaa. Ofisi haikumtuma mtu aje kuniuliza nimelala na nani. Sasa nimepata kahawa, nimepata keki, nimepata mtu anayeimba akinyoa, ndipo mnakuja na mkoba."

Akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa, kama mtu anayeandika bango: *Kitandani kwangu.* Akatia sahihi, akamkatia Wehmeier kipande kingine cha keki. Wehmeier alikila chote. Kukikataa kungekuwa ufidhuli.

Barua ilifika baada ya siku kumi na moja. Jumamosi iliyofuata Elfriede aliisoma mezani kwa sauti, nyumba imejaa, kwa sababu habari zilishazagaa na Werner alikuwa amekuja na wenzake wawili wa mtaa uleule, nao waliofia Smolensk, ambao wake zao waliogopa kuwafungulia. Aya ya kwanza ilisema ofisi haina pingamizi na ziara za marehemu, mradi asilale. Aya ya pili ilisema pensheni imekoma tangu tarehe mosi.

"Jumatatu naanza kiwanda cha redio," alisema Elfriede. "Wanachukua wanawake, hawaulizi vitanda. Alois, kata kadi ya jina la mlangoni."

Alois alikata kadi. Wote wakashuka naye mpaka mlango wa barabarani, walio hai na waliokufa, na majirani wakachungulia madirishani, viwiko juu ya mito ya kuegemea. Elfriede alibandua jina lililokuwa pembeni ya kengele, akaegemeza kadi ukutani, akaandika kwa penseli Sobotta, na chini yake Pieper.

"La Werner libaki juu," alisema Alois. "Yeye ndiye mwenyeji."

Werner aliishika kadi isipeperuke. Bi Nottebaum alitoka na ufagio wake, akasoma, akasoma tena.

"Kwa hili nitafungwa mimi, unajua?"

"Najua, Bi Nottebaum."

Bi Nottebaum alitazama juu, kwenye madirisha yote yale yaliyojaa watu.

"Basi usiandike kwa penseli," alisema. "Ngoja nikuletee wino."